Mtu Wako Yuko Rimandi? Namna ya Kumtoa, ama Angalau Kuzuia Faili Yake Isilale

Ukiingia rimandi yoyote hapa Kenya, iwe Industrial Area, Shimo la Tewa, Kodiaga ama King'ong'o, utapata watu chungu nzima ambao hakuna hakimu aliwanyima dhamana. Walipewa, ikaandikwa kwa faili, alafu wakarudishwa ndani manake huku nje hakuna mtu alijua ni kiasi gani, ama alijua akakosa pesa, ama hakujua kwamba masharti yanaweza kupunguzwa ukiomba. Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa zaidi ya theluthi moja ya watu wote walio magerezani nchini, na magereza yenyewe yamebeba watu kuliko nafasi yaliyojengewa, sasa kila mwaka tunaambiwa dawa ni kujenga mengine. Sawa, wajenge. Lakini kuna watu wanaeza toka wiki ijayo kwa karatasi tu, na hio karatasi mara nyingi inaanzishwa na mtu wa familia.

Kwa hivyo hii nimemwandikia huyo mtu wa familia. Mama, kaka, shemeji, jirani, mtu wa chama, yeyote mwenye anaeza enda kortini asubuhi na kukaa hapo mpaka ajibiwe. Mimi si wakili, nimekaa tu sana kwa korido za korti nikisaidia watu kufuata mafaili, na kitu nimeona ni hiki: faili yenye iko na mtu wa kuiulizia inasonga, yenye haina inalala. Sio haki, lakini ndio hali.

Kabla ya kila kitu, jua yuko wapi na ameandikiwa nini

Mtu akishikwa anaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Enda na kitambulisho chako, uliza namba ya OB, kosa ni gani na afisa anayechunguza ni nani, andika hizo zote mahali. Polisi wana masaa 24 kumfikisha kortini, hio iko kwa Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010, na kama masaa yanaishia usiku ama wikendi basi ni mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndio maana watu wengi hushikwa Ijumaa jioni, mimi sitasema zaidi. Kwa makosa mengi polisi wenyewe wanaeza mwachilia kwa bondi kabla afike kortini, na bondi ya polisi haiuzwi. Ukiambiwa ulipe dhamana ya kesh pale kituoni ni lazima upewe risiti rasmi, hakuna risiti basi hio pesa umempa mtu na hutaiona tena.

Kuna kitu kingine huchanganya watu. Unaeza enda kortini ukapata mtu wako amepelekwa lakini hajasomewa mashtaka, polisi wameomba tu siku zaidi za kumshikilia wakichunguza. Hio ni maombi, sio kesi, na yanaweza kupingwa hapo hapo. Yeye mwenyewe anaeza ambia hakimu anaishi wapi, kwamba amekuwa akishirikiana na polisi, na kwamba hakuna sababu ya kumweka ndani ndio wachunguze. Mahakimu wengi hupunguza siku wakisikia hivyo, lakini mtu akinyamaza siku zinapeanwa zote.

Akishasomewa mashtaka enda rejistri ya jinai ya hio korti na utoke na vitu tano: namba ya kesi (siku hizi nyingi zina herufi E mbele), anasikizwa korti namba ngapi, kosa na kifungu cha sheria, masharti ya dhamana, na tarehe ya kurudi. Angalia pia jina lake limeandikwa aje kwa chaji shiti, yani karatasi ya mashtaka. Hii watu hudharau sana. Kama kwa kitambulisho ni jina moja na kwa chaji shiti polisi wameandika lile la mtaani, siku ya kumtoa itakuwa shida, maafisa wa gereza watakwambia huyu mtu hawana. Omba prosekyuta, yule wa serikali anayeendesha mashtaka, arekebishe mapema.

Usilipe mtu yeyote anayejiita wakili kama bado huna hivyo vitu tano. Na ukishavipata hakikisha huyo wakili ana leseni ya mwaka huo, Law Society of Kenya wana orodha kwa mtandao na kuangalia ni bure.

Siku ya kwanza mbele ya hakimu

Hapa mambo mengi huharibika kwa dakika mbili. Mtu anasomewa mashtaka kwa lugha hajaelewa vizuri, anaulizwa ni kweli ama si kweli, na huko seli ameshaambiwa na wenzake ama na askari, "kubali tu utapigwa faini uende nyumbani." Anakubali. Anafungwa. Kama humo ndani unaeza mfikishia neno moja tu basi iwe hili: asikubali kosa ambalo hakufanya, na kama hajaelewa aseme hajaelewa. Ana haki ya mkalimani bila kulipa, Ibara ya 50 inasema hivyo, iwe anaongea Kigiriama, Kiturkana ama Kisomali.

Akikana, swali linalofuata ni dhamana. Katiba inasema aachiliwe kwa bondi ama dhamana yenye masharti ya kadiri isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia, kumaanisha ni prosekyuta ndiye anafaa kueleza kwa nini abaki ndani. Sababu zenye huangaliwa ni kama atatoroka, kama ataingilia mashahidi, ama kama maisha yake yako hatarini akiwa nje. Kusema tu "kosa ni kubwa" peke yake haitoshi. Bado kuna watu wanaamini mauaji na wizi wa mabavu havina dhamana, hio ilikuwa zamani, tangu 2010 kila kosa linaeza pewa dhamana, ikinyimwa iwe kwa sababu zilizoelezwa.

Na kuna kifungu kidogo kwa hio hio Ibara ya 49 chenye ningependa kila mtu akijue kwa kichwa. Kama kosa adhabu yake ni faini peke yake, ama kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hafai kuwekwa rimandi kabisa. Yani hizi kesi ndogo ndogo za mtaani, mtu alikuwa amelewa akapiga kelele, mtu alikuwa anauza bidhaa mahali kanjo hawataki, kwanza uliza adhabu ya juu kabisa ya hio kosa ni miezi mingapi. Ikiwa 6 kushuka, mwambie mtu wako aseme hivi kwa hakimu bila kuogopa: "Mheshimiwa, naomba korti iangalie Ibara ya 49 kifungu kidogo cha pili, hili kosa halifai kuniweka rimandi." Hakimu atasikiza. Anaweza shangaa kidogo, lakini atasikiza.

Kwa makosa mengine aeleze hali yake kwa ufupi na kwa ukweli. Anaishi wapi na kwa muda gani, anafanya kazi gani na kwa siku anapata kama ngapi, ana watoto wangapi, nani yuko kortini amekuja kwa sababu yake. Wewe simama hakimu akuone. Sheria yenyewe, kifungu cha 123 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, inasema dhamana isiwe ya kupita kiasi, lakini hakimu hawezi kujua kiasi cha huyu mtu kama hajaambiwa. Mtu anasukuma mkokoteni anapewa dhamana ya elfu hamsini si kwa ubaya, ni kwa sababu kwa faili hakuna mahali imeandikwa anasukuma mkokoteni.

Afisa wa probesheni akipiga simu, shika

Mara nyingi hasa kesi ikiwa nzito kidogo, hakimu ataagiza ripoti ya probesheni kabla aamue dhamana. Afisa anaenda kuuliza nyumbani, kwa chifu, kwa mzee wa nyumba kumi, kwa mlalamishi, kwa majirani, alafu anaandika kama huyu mtu akitoka atarudi kortini ama la. Kwa maoni yangu hii ripoti ndio karatasi yenye nguvu kuliko zote kwa mtu maskini, kuliko hata wakili wa kuongea Kizungu kirefu, manake inaeza fanya mtu aachiliwe kwa bondi yake mwenyewe, anaweka sahihi tu bila pesa, ama kwa watu wawili wa kuwasiliana naye badala ya mdhamini mwenye shamba.

Lakini ripoti nyingi zinarudi mbaya kwa sababu za kijinga. Simu ya familia imezima. Afisa amefika ameambiwa "huyo alihama." Chifu hamjui. Ama mtu wako alipeana namba ya mtu ambaye akiulizwa anaogopa anasema hamfahamu. Kwa hivyo fanya hivi siku ile ile hakimu ameagiza: nenda ofisi ya probesheni, nyingi ziko hapo hapo korti ama karibu, uliza ni afisa gani amepewa hio faili, mpe namba mbili za simu za watu wawili tofauti, mpe maelekezo ya nyumba mpaka mlangoni. Alafu tembelea chifu ama msaidizi wake umjulishe kwamba ataulizwa. Humuombi adanganye, unamuomba tu asishtukie. Kama ana barua ya kazi, ama mwenye nyumba anaeza andika kwamba amekodisha hapo, fotokopi yake mpe afisa. Kama mtu wako anakunywa ama aliwahi fungwa mwambie afisa ukweli, atajua tu, na akijua kwa mlango mwingine ripoti yote inaharibika.

Kama nyumba yake iko mtaa mmoja na mlalamishi, tafuta mahali pengine pa kukaa kesi ikiendelea, kwa shangazi huko kaunti nyingine hata, na useme hivyo kwa afisa. Hio peke yake imewahi badilisha "hapana" ikawa "ndio" mara nyingi sana.

Bondi na dhamana ya kesh si kitu kimoja

Hakimu anaeza sema: bondi ya 100,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, ama dhamana ya kesh ya 30,000. Hapo una njia mbili, chagua moja.

Kesh ndio rahisi. Kashia ama karani anakupa invoisi yenye namba, unalipa kwa M-Pesa ama benki kupitia mfumo wa serikali, unapata risiti. Risiti iandikwe jina la mtu mwenye pesa ni zake kweli, usiandike jina la binamu sababu alikuwa karibu na kaunta. Kesi ikiisha hio pesa inarudishwa kwa aliyeweka, na inarudishwa hata kama mtu wako amepatikana na hatia, bora tu hakuwa anakosa kuja kortini. Watu wengi hawajui, wanadhani ni faini. Mtu hata anauza ng'ombe kwa huzuni akidhani pesa imeenda, kesi inaisha na haendi kuiulizia. Weka risiti mahali salama na ipige picha.

Bondi inataka mdhamini. Mdhamini anakuja na kitambulisho, PIN ya KRA, picha za pasipoti, na mali: hati ya shamba ya asili na sachi ya karibuni (karatasi ya ofisi ya ardhi ya kuonyesha shamba ni la nani), na kwa kiasi kikubwa wataitisha valuesheni, yani ripoti ya bei ya hio mali. Wengine hukubali logbuku ama pesilipu. Anahojiwa kama anamjua mshtakiwa na anaelewa akitoroka itakuwaje, alafu hati inabaki kortini mpaka kesi iishe. Hesabu gharama ya sachi na valuesheni kabla hujaamua, wakati mwingine ukijumlisha unaona afadhali mngechanga mlipe kesh.

Na hapo nje ya korti utaona vijana wanakuja, "mama unatafuta mdhamini?" Wana hati, wana kila kitu, bei yao iko. Kataa. Hati nyingi za hao mabroka ni feki ama zimetumiwa kwa kesi zingine kadhaa, ikigunduliwa bondi inafutwa, mtu wako anarudi ndani, na safari hii hakimu hamuamini tena, na wewe mwenyewe unaeza pata kesi yako.

Dhamana ikishakubaliwa korti inatoa hati ya kumwachilia yenye inaenda gerezani. Uliza inapelekwa na nani na saa ngapi, usidhani itafika yenyewe. Gereza linafunga hesabu jioni mapema, hati ikifika wamefunga basi ni kesho, na Ijumaa ikipita ndio hivyo wikendi imeingia. Kitu kingine, uliza kabla ya kulipa kama ana kesi nyingine mahali pengine. Kuna wenye wamelipiwa faili moja wakabaki ndani kwa sababu ya faili ya pili ama waranti ya zamani ya kukosa korti, na familia imemaliza pesa yote kwa ile ya kwanza.

Masharti yakiwa makubwa

Usikubali tu. Masharti ya dhamana si msumari, yanaeza pitiwa tena wakati wowote kesi ikiendelea. Njia ya kwanza ni kwa hakimu yule yule. Siku ya menshen, ile kesi inatajwa tu bila kusikizwa, mtu wako anainua mkono anasema, "Mheshimiwa, nilipewa dhamana tarehe fulani, familia yangu imeshindwa kuitimiza, naomba ipunguzwe." Ni sentensi moja. Akiweza kuongeza kilichobadilika inakuwa na uzito zaidi: amekaa ndani miezi mingapi, mlalamishi ameshatoa ushahidi kwa hivyo hakuna wa kuingiliwa, mke amejifungua, anaumwa.

Ya pili ni Mahakama Kuu. Hicho kifungu cha 123 kinaipa nguvu ya kuagiza mtu apewe dhamana ama dhamana ya hakimu ipunguzwe. Si lazima uanze na wakili wa bei. Watu wako ndani huandika barua kwa mkono kupitia ofisi ya nyaraka ya gereza na majaji wanazisoma. Barua isiwe ndefu. Juu weka namba ya kesi ya korti ya chini, ile ya hakimu, na jina la hio korti, alafu sema umeshtakiwa na nini, ulishikwa lini, ulipewa masharti gani na lini, umeshindwa kwa sababu gani, unaweza kiasi gani. Hio ya mwisho ni muhimu, taja kiasi. "Naomba msaada wa korti" haimwambii jaji chochote, "familia yangu inaweza kupata 5,000 na shangazi yangu wa mahali fulani atakuwa mtu wa kuwasiliana" inampa kitu cha kuandika. Usianze kujitetea kesi yenyewe humo, eti hukuiba, hio iko na siku yake. Alafu wewe wa nje baada ya wiki moja hivi nenda rejistri ya Mahakama Kuu uulize imepewa namba gani.

Akibaki ndani, kazi yako ni kila wiki mbili

Sheria inasema kesi ya mtu aliye ndani haiwezi kuahirishwa zaidi ya siku 15 bila kurudishwa mbele ya korti. Ndio maana kuna hizi menshen za kila wiki mbili, nyingi siku hizi anaonekana kwa video akiwa huko gerezani, inachukua dakika moja, inatajwa tarehe nyingine, basi. Familia huchoka nazo inaacha kuja. Usiache, ama kama nauli haipo tafuta orodha ya kesi za siku kwa tovuti ya Mahakama. Hio dakika moja ndio nafasi yake ya kusema kitu, na akiwa hana wa kumkumbusha anasema "sawa Mheshimiwa" anarudishwa.

Mambo ya kusema yako mengi. Kama hajapewa maandishi ya mashahidi, aombe, hawezi kujitetea kwa kitu hajasoma. Kama ni tarehe ya kusikizwa na mashahidi hawajakuja, apinge kuahirishwa, na kama imeshatokea kabla aombe korti iandike kwamba hii ni mara ya mwisho. Hio "mara ya mwisho" ikishaandikwa kwa faili, safari inayofuata prosekyuta anajua hana nafasi nyingine. Kifungu cha 202 cha hio hio sheria ya utaratibu wa kesi za jinai kinasema mlalamishi aliyejulishwa tarehe akikosa kuja korti inaweza mwachilia mshtakiwa, na kuna kesi nyingi sana za wizi mdogo ambapo mlalamishi alisharudishiwa simu yake, akahama, akasahau, huku mtu anahesabu mwezi wa saba kwa sakafu.

Kama kosa ni dogo na la kibinafsi, kupigana kidogo kati ya majirani kwa mfano, kifungu cha 176 kinaruhusu korti kuhimiza mpatane, na mlalamishi mwenyewe anaeza omba kuondoa malalamiko kwa ruhusa ya korti. Hapa lakini kuwa mwangalifu. Usiende kwa mlalamishi usiku na wazee watatu, utaitwa unaingilia shahidi na dhamana itapotea. Pitia kwa prosekyuta ama sema kortini kwamba mko tayari kuongea. Na makosa ya ubakaji na ya kunajisi watoto hayaingii kwa mambo ya kupatana, wala usijaribu kuongea na hio familia.

Kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa na prosekyuta wanaafikiana, labda shtaka linapunguzwa likawa dogo, alafu korti inaamua. Mimi nayaheshimu lakini nayaogopa pia, manake mtu amechoka rimandi anaeza kubali chochote. Hakikisha ameongea na wakili ama msaidizi wa kisheria kwanza na kwamba ni kosa alifanya kweli. Hayatumiki kwa makosa ya kingono.

Ikifika mahali amehukumiwa, siku alizokaa ndani lazima zihesabiwe kwa kifungo, ni kifungu cha 333(2). Akijitetea kupunguziwa ataje tarehe kamili aliyoshikwa na kwamba hakuwahi kutoka. Kama hakimu alisahau, ni barua tena kwa Mahakama Kuu. Na kama kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, aombe kutumikia jamii nje, sheria ya hilo iko tangu 1998.

Msaada wa bure uko wapi

National Legal Aid Service iliundwa na sheria ya 2016 kwa watu wasioweza kulipa wakili, ombi linaeza fanywa na mtu mwenyewe akiwa ndani ama wewe. Kwa mauaji serikali inampa wakili, usiuze shamba kabla hujauliza. Kituo Cha Sheria wamekuwa wakifanya hii kazi tangu 1973, FIDA Kenya wanasaidia wanawake, MUHURI, shirika la haki za binadamu, wako Pwani. Justice Defenders wanafunza wafungwa na askari wenyewe wawe wasaidizi wa kisheria humo ndani, kwa hivyo mwambie mtu wako aulize ndani kama kuna mfungwa wa kumwandikia barua, mara nyingi yupo na anaandika vizuri kuliko wengi wetu huku nje. Mtoto chini ya miaka 18 hafai kuchanganywa na watu wazima hata siku moja, ikitokea hio pigia kelele pale pale, na chini ya miaka 12 hawezi hata kushtakiwa.

Ukiitishwa hongo, enda EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Polisi wakimpiga ama wakikaa naye kupita masaa, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Faili ikipotea kortini, ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, wa kupokea malalamiko. Andika kwa maandishi na weka nakala, malalamiko ya mdomo hayana namba.

Kama ni kikundi, kanisa, msikiti ama chama

Hapa ndipo mnaeza punguza gereza lenu kweli, si mtu mmoja mmoja. Kila kituo cha korti kina kamati ya watumiaji wa korti, yenye hakimu mkuu wa hapo, prosekyuta, polisi, gereza, probesheni, maafisa wa watoto, mawakili, na watu wa jamii pia. Watu wa jamii mara nyingi viti vyao viko wazi. Muandikie hakimu mkuu barua mkiomba kuhudhuria.

Msiende na hotuba kuhusu haki za binadamu, kila mtu hapo ameshazisikia. Nendeni na orodha. Muombe mkuu wa gereza majina ya mahabusu wenye dhamana iliyoshindwa kulipwa, kuanzia ndogo kabisa kwenda juu, tarehe walioingia, na kosa. Wakuu wengi wa gereza watawapa kwa furaha manake msongamano unawaumiza wao kwanza. Alafu pangeni hio orodha kwa mafungu matatu: wale wenye makosa ambayo adhabu yake haizidi miezi 6 ambao hawafai kuwa ndani kabisa, wale ambao wangetoka masharti yakipunguzwa kidogo, na wale ambao kesi haijasikizwa shahidi hata mmoja kwa zaidi ya mwaka. Kila fungu lina mtu wake kwa hio meza: la kwanza hakimu anaeza liangalia wiki hio hio, la pili linaenda kwa probesheni wafanye ripoti za haraka, la tatu prosekyuta anaulizwa mashahidi wako wapi.

Pesa mkichanga, msilipie kila mtu dhamana, mtaisha pesa kwa mwezi mmoja. Lipeni nauli ya familia kuja kortini, fotokopi, sachi za shamba za wadhamini wa kweli, kredi ya kupigia majirani wa mtu ambaye probesheni ilimkosa. Kwa kila jina mteue mtu mmoja wa kulifuata, mwenye simu yake iko hewani. Mkutano wa kamati ukiisha ombeni nakala ya minitsi, na mkutano unaofuata anzeni na majina yale yale ambayo bado yako ndani.